Nilikigharamia Kitabu Kilichoniita Muuaji!

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minne, mzaliwa na mkaazi wa Kuze, hapa kisiwani Mombasa. Nina mke mmoja, watoto wanne na maduka matatu ya vifaa vya ujenzi. Shule niliiacha darasa la tatu. Sioni haya kuyasema... nayasema ili mjue kwamba kila nilicho nacho nimekipata kwa mgongo huu huu! Nilianza uhamali Marikiti, nikibeba magunia ya viazi na vitunguu, na hata leo bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Waulizeni wazee wa Marikiti ni nani aliyekuwa akibeba magunia mawili kwa mpigo. Watawaonyesha dukani kwangu.

Jina langu nalihifadhi, ingawa watu wa mjini watanijua tu. Tena wengi wenu mmekwisha kunisoma bila kujua! Kile kitabu cha upelelezi kilichovuma mjini, cha mpelelezi arudiye kwao baada ya miaka mingi kutafuta ni nani aliyemuua rafiki yake wa utotoni... mmekitolea maoni barazani, mmekitolea maoni kwenye simu. Wapo waliosema kitamu, wapo waliosema mwisho wake haukuwaridhisha. Vyema. Leo na mimi natoa maoni yangu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Faraji. Baba yetu alifariki tukiwa wadogo, nami nikawa baba. Mimi shule niliiacha, lakini yeye nilimsomesha, na karo yake ilitoka mgongoni mwangu. Akasoma mpaka kidato cha nne! Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Nassor, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walisoma madrasa moja, wakala sahani moja, hata surua waliugua pamoja. Huyo Nassor ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa sekondari, na ndiye mwandishi wa kitabu.

Miaka ishirini na sita iliyopita, Faraji alitoka nyumbani asubuhi asirudi tena. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Tulitafuta hospitali zote. Tulikwenda Feri kuuliza wachuuzi kama walimwona akivuka. Polisi walifungua faili, na faili likalala. Nassor alisema wiki ile yote alikuwa Malindi kwa shangazi yake, na aliporudi akapewa habari, alilia kuliko sisi wenye ndugu. Mpaka mama yangu ndiye akawa wa kumbembeleza yeye!

Mama alikataa matanga. Alikataa khitma. Kila walimu walipomshauri alijibu neno moja tu: "Hasomewi khitma mtu aliye hai."

Na kila Ramadhani, siku ya kwanza ya mfungo, alimtandikia Faraji sahani yake mkekani. Sahani ya bati yenye maua ya buluu, ndani mna mahamri, mbaazi za nazi na kipande cha samaki wa kupaka. Adhana ya Magharibi ikiisha na mwenyewe hakutokea, mama husema, "Mpelekeeni Nassor. Walikuwa wakila pamoja." Sahani ikafunikwa kawa, ikapelekwa. Miaka ishirini na sita, wasomaji wenzangu! Hakukosa hata mwaka mmoja.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu, na sina budi kuisema mapema.

Polisi waliponiuliza mara ya mwisho nilimwona ndugu yangu lini, nilisema siku mbili kabla ya kupotea. Na mama nilimwambia hivyo hivyo. Ilikuwa uongo.

Nilimwona asubuhi ile ile. Mama alikuwa amekwenda Kisauni kwenye harusi, nyumbani tulikuwa wawili tu. Faraji alikuwa akijiandaa kutoka, gidamu, ule ukanda wa kiatu chake cha kubadhi, ikakatika. Nikamwambia, "Lete hapa." Nilikuwa na shazia yangu, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na uzi wa kijani. Tajiri wangu wa wakati ule alifunga magunia yake kwa uzi wa kijani ili yasichanganyike na ya wengine. Nikamshonea kubadhi lake, uzi ungali mdomoni mwangu, ndipo akaniambia anataka kwenda baharini, akawe baharia.

Nikamwambia aje Marikiti tufanye kazi pamoja, tutafungua duka letu. Akacheka. Akasema, "Kaka, mimi siwezi kuzeeka na gunia mgongoni kama punda."

Kama punda! Mimi niliyemsomesha kwa mgongo huo huo! Nilimpiga kofi mpaka kofia ikaanguka. Nikamwambia, "Nenda! Na mlango huu usiuone tena!"

Akaiokota kofia, akaipangusa vumbi, akaenda.

Je, ningesemaje haya kwa polisi? Wangenikamata mimi. Ningemwambia nini mama? Nikanyamaza. Kimya cha siku moja kikawa cha mwezi, kikawa cha mwaka, mpaka nikawa na maduka matatu na kimya kikawa kimoja na mimi. Nilitoa matangazo redioni, nilituma watu mpaka Lamu, nilitoa sadaka. Watu walinisifu kwa jinsi nilivyomtafuta ndugu yangu! Nami nikazipokea sifa. Nilitumia kila kitu isipokuwa ulimi.

Basi mwaka juzi Nassor akaja dukani na bahasha ya karatasi. Akaniambia, "Yakhe, nimeandika kisa cha Faraji. Nimebadilisha majina, nimekifanya cha upelelezi, lakini ni yeye. Nataka kisomwe, huenda mahali fulani mtu akakumbuka jambo."

Nilimkumbatia mbele ya wateja. Nikamwambia, "Chapisha! Gharama niachie mimi." Mnanijua, mimi si mtu wa kuuliza mara mbili. Kitabu kilipotoka nilikipanga dukani, kati ya makopo ya rangi na misumari. Aliyenunua simenti alipewa kitabu. Nilikuwa nikisema, "Hicho ni kisa cha nyumba yetu, nimekigharamia mimi!"

Na je, nilikisoma? La! Mimi husoma kwa kidole, neno baada ya neno, na ukurasa mmoja hunitoa jasho. Nilifungua mwanzo, nikaona Nassor amekitunuku kwa mama yangu, jina lake limepigwa chapa vizuri. Nikakibusu, nikakifunga. Nikajiona nimekwisha kusoma.

Ikaja siku ya wasomaji kutoa maoni. Nilikodi ukumbi mdogo hapa hapa Kuze, Jumamosi baada ya swala ya Alasiri. Nikaleta sambusa, kaimati na kahawa. Nikavaa kanzu mpya na koti, nikakaa mstari wa mbele karibu na Nassor kama bwana harusi. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu yake. Namshukuru Mungu kwa miguu ile!

Wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja wa Ganjoni, mwalimu mstaafu. Akasema, "Mwalimu Nassor, mpelelezi wako anapenda kula. Kila nyumba aingiayo apewa wali, naye ala! Kesi itakosaje kupoa?"

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti, ili watu wajue mimi ndiye mwenye shughuli.

Akafuata dereva mmoja wa tuktuk wa huko Feri, kijana mchangamfu. Akasema, "Mimi muuaji nilimjua zamani, wala sikungoja mwisho. Si yule kaka mtu? Alilia mno! Mtu akilia barazani kila siku, mchunguze huyo!"

Watu wakapiga makofi. Mwengine akadakia kutoka nyuma, "Na utajiri wake je? Jana hamali, leo maduka!"

"Eeh! Nao ule mkono wake wa kupiga!"

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikaanza kukatika. Kwanza mstari wa mbele. Kisha wa pili. Nikaona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, vinanitazama. Dereva wa tuktuk hakunijua, akawa angali anacheka peke yake, mpaka mtu akamvuta shati akaketi.

Kaka mtu! Kitabu nilichokilipia mimi, nilichowapa watu bure na mfuko wa simenti, kilisema mimi ndiye niliyemuua Faraji!

Nilimgeukia Nassor. Alikuwa anatazama kikombe chake cha kahawa.

Hapo akasimama Bi. Rukia, fundi wa kushona mabuibui, jirani yetu. Nadhani alitaka kuniokoa, maskini, abadilishe mazungumzo. Akasema, "Mimi ya muuaji siyajui. Mimi lililoniliza ni lile kubadhi. Yule kijana alivyoshonewa gidamu asubuhi kwa uzi wa kijani wa gunia, kisha akenda zake nalo... Mwalimu, hayo umeyatoa wapi? Ni madogo lakini yanauma!"

Wasomaji wenzangu, masikio yangu yaliziba. Uzi wa kijani!

Uzi ule niliujua mimi, na Faraji, na Mungu. Sikuwahi kumwambia polisi, sikuwahi kumwambia mama, hata mke wangu sikumwambia. Ili Nassor aujue, ilibidi amwone Faraji siku ile, baada ya mimi kumfukuza. Basi Malindi ilikuwa ya nini?

Nikasimama. Nikamwuliza mbele ya watu wote, "Nassor, ni nani aliyekwambia habari ya uzi?"

Akasema, "Nimebuni tu, yakhe. Ni hadithi."

"Rangi pia umeibuni?"

Akakiweka kikombe chini vibaya, kahawa ikamwagikia kanzu. Nami niliyezoea kusema nikasikika mtaa mzima, nilitoka ukumbini bila neno.

Asubuhi yake nilifunga mlango wa duka nikamwita binti yangu Saada, nikamwambia anisomee. Alisoma mpaka adhuhuri. Alipofika pale kaka mtu anaponyanyua mkono, aliacha kusoma. Nikamwambia, "Soma, mwanangu." Akasoma: nenda, na mlango huu usiuone tena.

Maneno yangu! Neno kwa neno!

Saada alinitazama akaniuliza, "Baba, ni kweli?"

Nikamwambia, "Kofi ni kweli. Kuua si kweli."

Akafunga kitabu akalia, nami sikujua analilia lipi kati ya hayo mawili.

Nikaenda kwa Nassor. Nilimkuta peke yake barazani mwake, kama aliyekuwa akinisubiri. Akaniambia, "Yakhe, keti."

"Sikuja kuketi. Ulimwona wapi?"

Akaanza kueleza, nami nilisimama mpaka mwisho. Hakuwa Malindi hata siku moja. Faraji alimfuata asubuhi ile, shavu limevimba, akamweleza yote, kofi na uzi na mlango. Akamwambia lazima aondoke siku hiyo hiyo. Kulikuwa na chombo bandarini Mbaraki kilichotaka mabaharia, lakini Faraji hakuwa na karatasi. Nassor alikuwa na binamu yake aliyefariki, karatasi zake zingalipo nyumbani, na Nassor mkono wake wa kuandika ulikuwa mzuri tangu shule. Akazirekebisha. Ndugu yangu akasafiri kwa jina la maiti!

Baada ya miezi minane ikaja barua kutoka kwa baharia mwenzake. Faraji alianguka ndani ya tumbo la meli wakipakua mizigo, katika bandari moja ya Uarabuni. Alizikwa huko huko, kwa jina lile lisilo lake.

Miezi minane! Nassor alijua tangu mwaka wa kwanza! Aliogopa kufungwa kwa zile karatasi, akanyamaza. Kisha akaajiriwa ualimu, akaogopa zaidi.

Nikamwuliza, "Na mimi umenifanya muuaji kwa nini?"

Akasema, "Kitabu chataka muuaji. Kila nilipojaribu kuandika lililotokea, mkono ulikataa. Nilipoandika wewe, kalamu ikenda." Kisha akainua macho akaniambia, "Wewe ulimfukuza. Mimi nilimwandikia karatasi tu."

Na yeye je, alijipa nafasi gani kitabuni? Mpelelezi! Rafiki mwaminifu asiyelala mpaka haki ipatikane!

Nikamwuliza la mwisho. "Na sahani ya mama? Ulikuwa ukila?"

Hapo ndipo alipolia. Akasema, "Mwaka wa kwanza niliimwaga. Kesho yake mamako akaniuliza kama samaki alikolea chumvi. Sikuwa na jibu. Tangu hapo nikawa nala."

Niliunyanyua mkono. Wallahi niliunyanyua! Lakini ulikuwa ni mkono ule ule... Nikaushusha, nikaondoka.

Mnaofikiri kazi nzito ni gunia la vitunguu, hamjawahi kupanda ngazi za nyumba ya mama yenu mkiwa na habari kama ile. Nilimkuta amekaa kitandani anachambua mchele. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima mwenye maduka matatu, nikamweleza. Nilianza na uongo wangu kabla ya uongo wa Nassor. Nilimweleza kubadhi, punda, kofi, mlango. Kisha meli. Kisha kaburi.

Hakupiga ukelele. Mkono wake ulibaki juu ya mchele. Aliniuliza swali moja tu.

"Ule uzi ulishika?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

"Wewe huwa washona vizuri," akasema. Kisha akanigeuzia mgongo, na kwa siku tatu hakusema nami. Ningeshukuru anitukane! Nilimletea chai, akainywa akitazama ukuta.

Siku ya nne alimwita Saada, akamwambia, "Nendeni kwa Nassor. Mwambieni nataka sahani yangu."

Sahani ilikuwa kwake tangu Ramadhani iliyopita. Nanyi mnajua kwetu, sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa chakula, hurudisha japo na sukari, japo na chumvi.

Nassor aliileta mwenyewe, Ijumaa asubuhi. Alipanda ngazi polepole kama mzee wa miaka mia, sahani imefunikwa kawa. Akaiweka mbele ya mama, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mama akamwambia, "Funua."

Ndani ya sahani, katikati ya yale maua ya buluu, mlikuwa na barua moja iliyokunjwa mara nne, imekuwa rangi ya chai kwa ukale. Ile barua ya baharia. Hakuichoma. Alikuwa nayo miaka yote.

Saada akaisoma. Ilitaja bandari, ilitaja siku. Ilitaja jina la maiti alilobebeshwa ndugu yangu. Na chini kabisa yule baharia aliandika kwamba vitu vya marehemu vilikuwa vichache, kofia moja, msahafu, na jozi ya makubadhi, moja limeshonwa kwa uzi wa kijani.

Mama akafumba macho. Akasema, "Ulishika."

Kisha akatangaza khitma.

Ilisomwa Jumapili yake. Watu walijaa mpaka kichochoroni, na wengi walikuwa wale wale waliokitolea kitabu maoni. Nassor alikuja. Mama alikuwa ametoa neno: asizuiwe, apewe juzuu yake asome. Alikaa mlangoni kabisa, kwenye viatu vya watu, akasoma. Mimi nilikaa ndani, nafasi ya mbele, na nawaambia ukweli... sikuona tofauti kubwa kati ya nafasi yangu na yake.

Kesi yake ya karatasi ameshaipeleka mwenyewe polisi. Nami nimekwenda kuirekebisha taarifa yangu. Ofisa, kijana mdogo aliyekuwa hajazaliwa wakati ule, aliniuliza, "Mzee, mbona hukusema?" Nilimwomba kalamu nikatia sahihi.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Nassor. Mama amemsamehe. Mimi bado. Nikipita mlangoni kwake husalimu, kwa kuwa salamu ni haki ya Mwislamu, kisha napita.

Basi haya ndiyo maoni yangu juu ya kitabu kile, enyi mliosema mwisho wake haukuwaridhisha. Hata mimi haukuniridhisha! Muuaji si kaka mtu. Lakini msinisafishe sana, maana kama ningesema siku ile kuwa Faraji ametaja bahari, tungekwenda Mbaraki kabla jua halijatua, na chombo hakikung'oa nanga mpaka kesho yake. Hilo lilikuwamo katika barua. Kesho yake!

Nawasihi, wasomaji wenzangu. Kama kuna neno mlilomwambia mtu akaondoka nalo, msilifiche kwa kuogopa aibu. Aibu ya siku moja nimeibadilisha kwa aibu ya miaka ishirini na sita. Na kama hujui kusoma vizuri kama mimi, usione haya kusomewa, kabla hujatia mkono mfukoni na kabla hujajisifu. Nilijiona nimefika kwa kuwa jina la mama liko ukurasa wa mwanzo. Sikujua mimi mwenyewe niko ukurasa wa mwisho.

Ramadhani imeingia juzi. Mama alitandika mkeka, akapanga tende, akapanga sahani zetu. Ile ya maua ya buluu aliiacha kabatini. Adhana ikalia, watu wakaanza kufuturu, nami nikaitazama ile nafasi tupu mkekani. Mama akaniona. Akachukua hamri moja, akalivunja, akaniwekea nusu mkononi.

"Kula," akaniambia. Ndilo neno refu kuliko yote aliloniambia tangu siku ile.

Nikala.